Tofali la riali tano

Nyuma ya mlango wa kabati, hapa Barka,
nimechora nyumba kwa kalamu ya risasi:
matofali mia mbili na arobaini,
kila moja riali tano.
Nikituma fedha Muheza, napaka buluu.
Sipaki kwa ahadi. Napaka kwa risiti.

Mwezi wa Saba, kiyoyozi kikikoroma kama mgonjwa,
nilimaliza msingi.
Mwezi wa Nane shemeji akaomba mkopo wa pikipiki;
penseli ikalala kwenye droo,
na ukuta ukawa unanitazama
kila nilipotoa kanga.

Jana nafungua: matofali kumi na moja
yamepakwa waridi, rangi imevuka mistari,
na juu ya paa, paka.
Mazna, wa miaka mitano, kasimama nyuma yangu,
rangi hadi kidevuni.
"Nimekusaidia," anasema, "umalize upesi."

Hajui nikimaliza naenda wapi.
Nikamfuta kidevu.

Ufutio ninao, sijaugusa.
Nimeandika pembeni: deni, riali hamsini na tano.
Nitalipa tofali moja moja,
buluu juu ya waridi.

Paka namwacha.
Kiwanja kile kina panya.