Picha Isiyotiwa Chumvi

Mama amekula chumvi nyingi.
Kwetu Colchani huo si msemo tu:
anaikata kwa shoka, anaikusanya vichuguu vichuguu
ikauke kabla lori la Rufino halijafika,
na jioni huitema pamoja na mate.

Mimi napiga picha za watalii.
Mmoja anasimama karibu, mwenzake mbali,
yule wa mbali anaonekana kaketi kiganjani mwa wa karibu
kama kifaranga.
Wanacheka, wananilipa, wanapanda gari lao.
Miaka sita ya kiinimacho hicho
na sina picha moja ya mwanamke aliyenizaa.

Nilipojaribu, alitoka mweusi tii.
Si kahawia yake, si shaba ya mashavu yaliyochubuliwa na upepo.
Kivuli tu chenye kofia,
na nyuma yake chumvi
rangi ya majivu.

Nikailaumu kamera.
Nikauza pikipiki, nikapanda basi hadi Oruro,
nikarudi na kamera nyingine, lenzi nene kama sufuria,
na deni.
Mama akatoka mweusi tii vilevile,
ila sasa ungeweza kuhesabu nyuzi za sweta lake.
Mchagua jembe si mkulima.

Nilda Copa, fundi simu wa karibu na stesheni ya Uyuni,
aliitazama picha kwa kioo chake cha kukuzia.
"Kamera yako si kipofu," akasema, "ni mwoga.
Ikiona weupe mwingi hudhani jua limeivamia,
hufumba jicho.
Pima uso, usipime chumvi.
Ongeza mwanga hatua moja, hata mbili.
Na upige magoti.
Watalii unawapigia magoti,
mama yako unampiga umesimama."

Hilo la mwisho lilinichoma.

Lakini mtu haachi ujinga kwa siku moja.
Usiku ule ule nikafungua kompyuta,
nikavuta vivuli vikapauka,
nikaziba nyufa za midomo, nikalipiga pasi paji la uso,
nikapachika mawingu mekundu
niliyoyatoa kwenye picha ya harusi ya watu.
Nikamwonyesha.
Akaitazama kwa adabu,
kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani.
"Mzuri. Ni nani?"
Kisha akaitambua kofia.
"Umenitia chumvi, Wilmer.
Mimi, ambaye kutwa nzima naitoa."

Siku tatu sikugusa kitu.

Ya nne, alfajiri, betri nimeificha kwapani isife kwa baridi,
nikamfuata.
Jua lilikuwa bado chini, ubavuni,
na chumvi yenyewe ikamrushia mwanga usoni kutoka ardhini,
taa nisiyoweza kuinunua Oruro.
Nikapiga magoti. Iliniuma, ikapenya suruali.
Mwanzo alikuwa anajua nipo:
mgongo ameunyoosha, mdomo ameufunga, mgeni mtupu.
Nikangoja.
Karibu na pigo la arobaini akanisahau.
Shoka likapanda, likashuka,
nami nikafungua jicho la kamera sehemu ya elfu ya sekunde,
chembe zikabaki hewani
hazijaamua pa kuangukia.

Nyumbani niliunyoosha upeo uliolala upande.
Nikaongeza giza kidogo angani.
Pembeni kulikuwa na gurudumu la lori la Rufino.
Kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kufuta
muda mrefu.
Nikaliacha. Lilikuwepo.

Mama hakuangalia uso wake.
Aliisogeza skrini karibu,
akaweka ukucha juu ya mkono ulioshika mpini,
juu ya kidole kidogo kilichopinda nje
kama msumari uliogongwa vibaya.

"Hiki hakijanyooka tangu mwaka wa mafuriko," akasema.
"Sikumwambia mtu."

Kisha akaenda kubandika chai,
na mlangoni, bila kugeuka:
"Kumbe unaona."