Maji ya Pili

Chuoni mwalimu Famau alitufunza maji ni matatu:
mutlak, yatwaharishayo;
mustaamal, yaliyokwisha kazi;
na mutanajisi, haya msiyakaribie.

Nilinyanyua mkono.
Yaliyokwisha kazi huenda wapi?
Akanitazama juu ya miwani.
"Mtaroni, Mwanamize. Kaa chini."

Mtaro wa Langoni naujua.
Ulipita chini ya dirisha letu
na povu la sabuni, maganda ya kamba,
ndara ya mguu mmoja,
ukienda baharini bila kuaga mtu.

Babangu alikuwa mtapisha vyoo.
Kazi yake ilianza taa zikizimwa:
ndoo, kamba, koleo,
kitambaa cha mafuta ya mkaratusi puani.
Asubuhi watu walimsalimu kwa kichwa.
Mkono wake, akiunyoosha kwa kusahau,
aliurudisha mfukoni taratibu
kama noti iliyokataliwa dukani.

Aliniachia koleo,
na kiwanja cha mchanga huko Wiyoni
ambacho hata magugu yalikihama.

Nikaenda mbele ya kamati ya msikiti.
Nikasema: watu mia mbili, nyakati tano,
jagi moja na ushei kwa kila mtu.
Hesabu hii hapa, nyuma ya kalenda.
Chai ya mji imeanza kuonja chumvi,
visima vya Shela vinachoka,
nanyi mwamwaga.
Naomba maji ya miguu yenu.

Wakacheka. Mweka hazina akafuta machozi:
"Na yale mengine, ya babako?
Hutayaomba?"
Hayo, nikamwambia, ninayo tayari.

Ninayo. Yamelala miezi kumi na minane
chini ya majivu na makumbi ya nazi,
mavi ya punda juu yake, gunia juu ya hayo.
Mwezi wa kwanza yalitoa mvuke kama sufuria ya pilau
(nisamehe, msomaji, ndivyo yalivyokuwa).
Mwezi wa kumi pua yangu ilianza kusahau.
Siku nilipofunua mara ya mwisho
nilishika udongo mweusi, mkavu,
unanuka mvua.
Sikuutia kwenye mchicha. Migomba tu, na mipapai,
mashimo ya kina, mikono ndani ya glovu.

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Mimi nayazoa
kwa bomba la inchi mbili,
pipa la changarawe, la mchanga, la makaa.
Limeziba mara tatu.
Mara ya pili ilikuwa kofia ya mtoto,
imeshonwa vizuri, nikaifua, nikairudisha.

Mwaka huu kabla ya Ramadhani
mkungu wa kwanza ulilala begani mwangu
mzito kuliko ndoo ya baba.
Nilipeleka chane msikitini. Zikakaa.
Siku ya pili zikakaa.
Inzi wakala swadaka yangu.

Siku ya tatu mwalimu Famau alifika Wiyoni,
amechoka, viatu vimejaa mchanga.
Alizunguka migomba, akanusa,
akapekua kitabu alichobeba kichwani.
"Tunda," alisema mwishowe,
"halina kesi na mzizi wake."
Akamenya moja. Akamenya ya pili.

Kisha akaomba maji ya kunawa.
Nikammiminia kwenye bakuli.
Akabaki amesimama nalo,
vidole vinachuruzika,
anatazama huku, anatazama kule,
akitafuta pa kuyamwaga.