Kuhesabiwa

Nilishuka stendi ya Moshi tarehe ishirini na tatu
nimevaa nyeusi, shingo hadi kisigino,
kucha nyeusi, midomo kama chungu cha kisusio,
na msalaba wa bati kifuani, mkubwa kuliko imani yangu.
Kijana wa bodaboda akazima injini: "Pole, dada.
Nani katangulia?"
Hakuna, nikamwambia. Ni mtindo tu.
Akanipandisha Kibosho kimya kimya
na nauli akapunguza, eti ya rambirambi.

Nyumbani waliuliza wote, mmoja baada ya mwingine,
jinsi watu wanavyouliza bei:
nani kafa? Nani kafa? Binamu Sekunda
akanisukumia kitenge chenye majogoo mekundu.
Baba alinitazama mara moja, akarudi kunoa kisu.
Bibi Eufrasia peke yake hakuuliza.
Alizigeuza kucha zangu kwenye mwanga wa jiko
kama anayekagua noti.

Ukungu ulishuka saa kumi jioni.
Kwetu ukungu hauji, unarudi;
una njia yake mgombani, unajua mlango.
Ukafuta mlima, ukafuta mnara wa kanisa,
ukabakiza kengele, inalia hewani haina pa kuning'inia.
Makaburi yako hapo hapo, kabla ya banda la ng'ombe:
babu kawekewa vigae vyeupe kama bafu la hoteli,
na watoto wamemkalia, wanamenya machungwa.

Mti niliupamba mimi. Tawi la msindano
nikalipaka masizi, nikatundika manyoya ya kunguru,
funguo za milango iliyokwisha bomolewa,
na fuvu la mbuzi wa mwaka jana, nalo nikalivika nyota.
Mama alipiga ishara ya msalaba, mara mbili.
Watoto wakapenda.

Usiku, kabla ya misa, Baba huhesabu.
Ndicho tunachokijia, toka Dar, toka Mwanza, toka Tunduma.
Anasimama mlangoni na tochi, anagusa vichwa.
"Ishirini na tatu. Mungu ashukuriwe."
"Ishirini na nne," Bibi akasema.
Kila mwaka husema hivyo. Kila mwaka
tunacheka kidogo, tunamwongezea mtori.
Umri, tunasema. Umri huo.

Ila mwaka huu nilikuwa nimevaa msiba usio na mwenyewe,
na msiba wa namna hiyo una masikio.
Nilimfuata alipotoka.
Perere alianza kulia huko juu msituni,
mlango wenye kutu ukifunguliwa, ukifunguliwa,
halafu mtu ndani yake.
Bibi hakushtuka. Alipita vigae, akapita misalaba,
mpaka mgomba wa mwisho, mpakani,
penye isale moja, fupi, lisilo na jirani.

"Alizaliwa usiku kama huu.
Padri alikuwa kwenye mkesha. Hakuyangoja maji.
Wakasema asiyebatizwa halali na wenziwe.
Hata kitambaa cheusi walininyang'anya:
Eufrasia, ni Krismasi, vaa nyeupe."

Akanitazama, shingo hadi kisigino.
"Miaka hamsini na sita," akasema.
"Umechelewa."

Nilirudi ndani nikaleta mshumaa,
na lile fuvu lenye nyota. Hatukusali.
Bibi alimwaga mbege kidogo, akangoja, kidogo tena,
kama anayelisha.
Ukungu ulikaa nasi, umechutama.

Asubuhi Baba alikuta nta kwenye isale.
Alisimama pale, mbuzi kamwacha nusu kachunwa,
kisha akaja uani na kisu chake, akatuhesabu upya
mchana kweupe, bila kugusa kichwa cha mtu.
"Ishirini na nne."
Halafu akanigeukia, mkali: "Na wewe
kabadilishe nguo, tunachelewa kanisani."

Nilikwenda hivyo hivyo,
nta imeganda kwenye pindo.