Pongo wa Mpaka wa Juu

Usiku wa pili wa mbalamwezi nikasikia mbwa.
Si wangu. Wangu alikufa Machi, kwa nyoka,
na sauti hizi zilikuwa changa, zenye njaa,
zikipanda kutoka upande wa kijito
ambako hakuna njia, ila ile niliyoifunga kwa miiba
mara tatu mwaka huu.

Nilikaa kitandani nikihesabu.
Mbwa wanne. Tochi mbili.
Na mtu mmoja mwenye kikohozi ninachokifahamu.

Shamba hili ni ekari saba zilizouegemea Kiboriani
kama mlevi aliyeegemea ukuta:
ukidondosha boga huku juu, utaliokota kwa jirani.
Marehemu alitaka tununue bondeni. Nilikataa.
Bondeni kuna jua tupu na vumbi la Mpwapwa;
huku maharage yanalala na ukungu,
na asubuhi unavaa sweta ukiwa mkoa wa Dodoma,
ukisimulia watu hawaamini.

Sasa, pongo.
Nisikudanganye kwamba nampenda.
Amenilia matuta manne, na ya tano kaonja.
Nimemrushia mawe, mwiko, na siku moja kiatu cha kushoto
ambacho sijakiona hadi leo.
Huja alfajiri, madoa meupe ubavuni
kama aliyepita karibu na wapaka chokaa,
anainua kichwa, ananitazama,
anatafuna kama asiyedaiwa na mtu.

Lakini mwizi wangu ni wangu.

Nikatoka na kandili, khanga juu ya sweta,
na panga la kufyekea, si kwa ushujaa;
mikono ilitaka kitu.
Penye mkuyu wa kijitoni nikaona waya,
waya wa breki ya baiskeli, umetiwa kitanzi,
umepakwa tope usinuke mkono wa mtu.
Nikaukata. Mbele, mwingine. Nikaukata.
Wa tatu ulikuwa na pimbi, amekwisha poa,
mdogo kama soksi iliyokunjwa.

“Nani huyo?” sauti ikauliza.
Kwenye shamba langu. Mimi. Nani huyo.

Alikuwa Mwaluko, na gobore la baba yake,
na vijana wawili waliozamisha nyuso kwenye kofia.
Mwaluko yuleyule aliyeshika ncha ya kamba
siku walipokuja kupima mipaka,
akatia kidole gumba kwenye wino,
akashuhudia kwamba toka mkuyu hadi jiwe la pimbi
ni kwa Sechelela binti Ndahani.
Nilimchinjia kuku siku ile. Alikula mapaja yote mawili.

“Mnyama hana hati, mama Lechi,” alisema.
“Leo kwako, kesho msituni. Ni wa serikali.”

“Basi kaniitie serikali,” nikasema,
“ije ilipe maharage.”

Kijana mmoja akacheka, kisha akajuta.
Mbwa wao mmoja, wanamwita Utajiju,
alikuwa ananilamba kisigino.

Mwaluko akakohoa. Akatazama chini.
“Watoto hawajaonja nyama tangu Pasaka.”
Na hilo, Mungu anajua, halikuwa uongo:
mvua ilikata Februari, uwele wa bondeni ulikauka wima,
na juzi mkewe alikuja kwangu kuomba chumvi
na bakuli kubwa kuliko chumvi.

Sikuwa na jibu. Bado sina.
Nilimpa pimbi wake.
Nilimpa nusu debe la maharage,
yale ambayo pongo hakuyafikia.
Waya sikumrudishia.
“Ukija tena pita mlangoni, mchana,
upige hodi kama siku ile ya kuku.”

Hakusema ndiyo. Tochi zikateremka,
moja ikififia, betri zimechoka,
na kikohozi kikasikika muda mrefu baada ya mwanga.

Alfajiri matuta yakatikisika.
Nilikuwa nimesimama mlangoni na kiatu cha kulia mkononi.
Sikurusha.
Au tuseme, sikurusha haraka.