Sifuri Zisizofunga

Ottmar anachomoa kijiti, anakipangusa kwa soksi kuukuu,
anakichovya tena.
Alama ya chini. Na juzi tu kajaza.

Fundi wa Daun keshasema: ringi zimelika,
gari la mbio la umri huu halinywi oili, linafakamia;
fungua injini, au uza.

Lakini ndani ya dashibodi mna daftari,
kilomita huku, lita huku,
mwandiko wa Roswitha, sifuri zake hazifungi,
hadi laki mbili na themanini elfu.
Kuanzia hapo mkono ni mwingine, mzito, umelalia kushoto.

Injini ikipona, ukurasa utajazwa na nini?

Anamimina. Anawasha.
Moshi wa samawati unatanda uani,
jirani anafunga dirisha kwa kishindo.

Anaandika: 312,000. Lita moja.
Sifuri anaziacha wazi.