Kisanduku cha Sababu

Saa mbili asubuhi, na Tartu bado ni usiku.
Nikavua glavu kwa meno,
nikawasha kompyuta koti likiwa mwilini,
na mradi 0417 ukajifungua mbele yangu:
Daraja la mbao, kinu cha kale, mita thelathini na moja.

Mstari kwa mstari, kama chumba cha mtu
aliyetoka bila kutandika kitanda.
Mbao za msonobari. Misumari isiyoshika kutu.
Winchi ya kukodi, siku kumi na nne.
Mzamiaji, saa sitini.
Chai.
Ndiyo, chai ina mstari wake wenyewe,
yuro mia mbili na kumi,
haikufichwa chini ya "mengineyo",
pale sisi wahasibu tunapozika aibu zetu.
Na chini kabisa, kwa herufi za kijivu zisizoharirika:
Imeundwa na Endel Laanemäe.

Endel alistaafu Juni, tukamzika Septemba.
Programu haikuhudhuria.
Kwake yeye, Endel ni "mtumiaji asiye hai",
na kando ya maneno hayo kuna kitufe: Rudisha.
Sijakibonyeza. Nimekipitishia kishale tu,
mara moja, au mbili.

Mgeni wa kazi hii hudhani bajeti ni moja.
Ni mbili.
Ya asili imefungwa kwa kufuli dogo la manjano,
haiguswi hata ikibainika ilisema uongo.
Iliyorekebishwa ndiyo tunayoishi ndani yake,
tunabomoa ukuta huku, tunaziba ufa kule,
na kati ya hizo mbili programu huchora safu nyekundu
iitwayo Tofauti.
Ndoa yangu ningeielewa mapema
kama ingekuwa na safu hiyo.

Mwaka huu barafu haikungoja ratiba.
Winchi iliganda ukingoni siku tano zaidi,
themanini na nne kila siku, ikilipwa kwa kusimama.
Mia nne na ishirini. Zitoke wapi?
Shuka ni lile lile:
ukilivuta lifunike bega, vidole vya miguu vinakusuta.

Rein akapiga simu akiwa garini.
"Toa chai. Hiyo ni nusu.
Nusu nyingine utaiona mwenyewe."

Nikabofya chai. Nikafuta mbili, nikafuta moja,
ikabaki sifuri peke yake, yai viza.
Kisanduku kikaruka:
Sababu ya badiliko. Lazima ijazwe. Herufi themanini.

Ndipo nilipoiona pembetatu kwenye kona ya mstari,
ndogo kama kipande cha ukucha.
Nikaigusa, na Endel akasema:

"Mzamiaji akitoka majini hawezi kushika kalamu,
wala mkono wa mwenzake.
Anaweza kikombe tu. Mstari huu usiguswe."

Aliandika mwezi Mei, jua likiwa dirishani,
akiiwazia Desemba ya mtu mwingine.

Ghairi.

Nikateremka hadi kwenye mistari ya ofisi,
ambako Rein hafiki kwa kuwa herufi ni ndogo.
Mafunzo ya programu, mtumishi mmoja: mia nne na hamsini.
Mtumishi huyo ni mimi.
Siku mbili Tallinn, hoteli yenye kifungua kinywa;
nilikuwa nimeshachagua blauzi.

Mia nne na ishirini nikaipa winchi.
Thelathini zilizosalia nikaziongeza kwenye chai,
wanunue na asali.

Kisanduku kikaruka tena, kikidai haki yake.
Herufi themanini ni nyingi mno
kwa mtu anayejua anachotaka kusema.
Nikaandika: Nimeshafundishwa.
Nikahifadhi.

Nje kulikuwa kunapambazuka kwa shingo upande,
na mtu alikuwa anakwangua theluji kwenye kioo cha gari.
Koti bado lilikuwa mwilini.