Inchi Tisa na Nusu

Mguu wangu wa kulia umezikwa Limbani.
Kombo aliufunga kwa bafta, mita moja na robo,
bafta niliyoikata kwa mkono wangu dukani
siku daktari aliposema: Bi Mize, sukari imeula, haubaki.
Hakuuswalia. Mguu hauswaliwi, mwenyewe yu hai.
Akaufukia kando ya mama,
akarudi na jembe begani, akanitaka radhi
utadhani yeye ndiye aliyeukata.

Usiku wa saba kisigino kikaniwasha.
Kisigino kipi? Hicho hicho cha Limbani.
Nikapeleka mkono, nikakuna godoro.
Vidole vikajikunja, gumba likampanda mwenzake mgongoni,
vikakaza kama uzi uliojisokota ndani ya bobini.
Raya akawasha taa: "Mama, hapo hapana kitu."

Miye ni fundi.
Nikatwaa futi, nikapima
toka penye kovu mpaka penye kuuma.
Inchi tisa na nusu.
Nikamwambia, andika.
Kisichokuwepo hakipimiki.

Pedeli ina jina la kiwanda kwa herufi za chuma,
unyayo wangu umelila kwa miaka thelathini
zimebaki herufi mbili.
Nikikaa mbele ya cherehani, ule wa Limbani hutangulia.
Nautuma wa kushoto, unakwenda ule.
Nauambia basi, simama. Wapi!
Unashona sare za skuli
za watoto waliokwisha kuoa.
Uzi hukatika kila tunapopishana.

Akaja Sabra wa mazoezi, kutoka hospitali,
kasichana kembamba, viatu kaviacha mlangoni.
Akauliza: kioo unacho?
Fundi akose kioo!
Kile cha wateja, wanachojigeuzia maharusi
kutazama gauni linavyokaa mgongoni,
tukakilaza ubavu katikati ya mapaja yangu.
Wa kushoto, mle ndani, ukawa wa kulia.
Una hata lile kovu la pasi.
"Usiutazame huu. Tazama wa mle.
Sasa vifungue vidole. Huku na huku. Polepole."

Nikafungua. Kioo kikafungua.
Na kule, wallahi, gumba
likashuka mgongoni mwa mwenzake,
kisha cha pili, kisha cha tatu,
kama vifungo vya kanzu
mtu akirudi msibani.

Nikalia mbele ya mgeni. Chai ikapoa.

Sikupona. Ijumaa ile ya mvua yalirudi yote,
moto, sindano, msumeno,
na kioo hakikunisaidia hata chembe.
Nikakitukana. Nikakigeuza uso ukutani.
Asubuhi nikakigeuza tena:
saa tatu alikuwa anakuja bibi harusi.

Lakini napima.
Daftarini, chini ya vifua na viuno vya watu,
Raya ameandika: tisa na nusu.
Nane. Nane tena. Saba kasorobo.
Unyayo unapanda, unalisogelea kovu,
mfupi kila mwezi, na hasira zake fupi.
Raya anaogopa. Anauliza unakwenda wapi.

Namwambia, wewe mwanafunzi wangu,
kitambaa kipya kikitiwa maji kikapungua,
sisi mafundi tunasemaje?

Anafikiri, sindano mdomoni.

Tunasema kimerudi.